Bamia: mlenda, za kukaanga, mchuzi au maji yake?

Mtu akikwambia hapendi bamia, muulize alipikiwaje. Bamia zilizokaangwa zikakauka, zikaliwa kwa chapati, na mlenda unaovutika kutoka bakulini hadi kwenye tonge la ugali ni vyakula viwili, ingawa vimetoka kwenye fungu moja sokoni. Siku hizi limeongezeka kundi la tatu, la wanaokunywa maji yaliyolowekwa bamia kila asubuhi wakitarajia kushusha sukari au kulainisha magoti. Kama una fungu la bamia mkononi na hujui ulifanyie nini, pima kwanza unachotaka kupata.

Chanzo cha tofauti zote ni ute. Ute wa bamia ni nyuzinyuzi zinazoyeyuka kwenye maji. Zimetulia ndani ya ganda, lakini ukikata, zikakutana na maji, zinavimba na kuanza kuteleza. Maji, kukatakata sana, kukoroga na magadi huukuza. Joto kali lisilo na maji huukausha, na uchachu wa ndimu, ukwaju, siki au nyanya huufanya kuwa mwepesi. Kwa hiyo kila pishi ni uamuzi kuhusu ute: unautaka, unauzuia, unaufanya uzito wa mchuzi, au unauchuja unywe.

Vigezo vya kulinganisha

Tutatazama mapishi manne kwa mambo yaleyale: namna ya kupika, hali ya ute, kinachofika mwilini, mahali pa kukosea, na mtu anayefaa. Mafuta na chumvi tumevihesabu ndani ya kinachofika mwilini, kwa sababu bamia yenyewe ni nyepesi sana na vitu hivyo viwili ndivyo vinavyoibadilisha.

Gramu 100 za bamia mbichi, ambazo ni kama vidole vinane vya urefu wa sentimita 8, zina kalori 33 hivi, nyuzinyuzi gramu 3.2, protini gramu 1.9, vitamini C miligramu 23, folati (aina ya vitamini B) maikrogramu 60, magnesiamu miligramu 57 na kalsiamu miligramu 82. Ikichemshwa maji yakamwagwa, vitamini C hushuka hadi miligramu 16 hivi na folati hadi 46. Kiasi hicho cha vitamini C kinapungua kwa joto na kwa kuyeyukia majini, na hapo ndipo mapishi yanapoanza kutofautiana: je, maji hayo unayala au unayamwaga?

Pishi lolote utakalochagua, bamia iwe changa. Shika ncha uikunje. Ikikatika kwa mlio, nunua. Ikijipinda kama mpira bila kuvunjika, imeshakomaa, na hakuna moto utakaozilainisha nyuzi zake. Urefu wa sentimita 7 hadi 10 ndio mzuri kwa aina nyingi zinazouzwa. Bamia hukomaa haraka mno: siku 4 hadi 6 baada ya ua kuanguka tunda liko tayari, na mkulima asiyepita shambani kila siku mbili anapeleka miti sokoni. Nyumbani usizioshe kabla ya kuzihifadhi. Zifunge kwenye karatasi kavu, uziweke sehemu ya friji isiyo na baridi kali, uzitumie ndani ya siku tatu au nne. Baridi ikizidi, zinatoa madoa meusi na kulegea.

1. Mlenda wa bamia

*Namna ya kupika.* Kwa watu wanne chukua bamia gramu 250, yaani vidole 20 hivi. Zioshe, zikate vichwa, kisha uzikatekate ndogondogo kabisa. Chemsha maji kikombe kimoja na nusu pamoja na nyanya chungu tatu zilizokatwa na chumvi nusu kijiko cha chai. Nyanya chungu zikilainika, tia magadi kiasi cha ncha ya kisu, kisha bamia. Usifunike. Koroga kwa upekecho, ukiusokota kati ya viganja, kwa dakika 8 hadi 10. Ukipenda, malizia na vijiko vitatu vya chakula vya karanga zilizopondwa, moto mdogo, dakika tano zaidi. Majani ya maboga au matembele machanga yanaingia humu bila shida; yatangulize dakika chache kabla ya bamia.

*Ute.* Ndio mlo wenyewe. Mlenda mzuri unavutika bila kukatika, na kijani chake hakijafifia. Magadi yanafanya kazi mbili hapo: yanalainisha ganda ili ute utoke wote, na yanailinda rangi ya kijani. Ila yanakula vitamini C na vitamini B1, ndiyo maana kipimo ni ncha ya kisu, si kijiko.

*Kinachofika mwilini.* Hapa mlenda una nguvu ambayo watu huisahau. Hakuna maji yanayomwagwa, hivyo kilichoyeyuka kimebaki sufuriani, na ganda, mbegu na ute vyote vinaliwa. Mafuta hayahitajiki, na karanga zikiingia zinaleta protini na mafuta yao wenyewe. Ute unapunguza kasi ya chakula kutoka tumboni na kasi ya sukari kuingia kwenye damu, jambo lenye maana hasa mlo unapokuwa ugali mwingi. Tatizo liko kwenye sodiamu: magadi ni sodiamu, chumvi ni sodiamu, na ukiongeza dagaa wa chumvi umeshapanga tabaka tatu. Mwenye presha apike bila magadi. Ute hautakuwa mwingi vilevile, lakini utakuwepo.

*Mahali pa kukosea.* Kufunika sufuria ndio kosa la kwanza: povu linapanda na kuzima jiko. Magadi yakizidi, mlenda unakuwa na ladha ya sabuni na hakuna cha kuuokoa. Nyanya nyingi au ndimu zikitangulia, ute unakufa, unabaki na mboga ya majimaji. Kama unataka nyanya, iwe moja, mwishoni. Na ukiupika nusu saa nzima ukidhani unauivisha vizuri, ute unapoteza mvutano na rangi inakuwa kama ya majani makavu.

*Inamfaa nani.* Mla ugali, mwenye haraka, mwenye bajeti ndogo, mzee au mtoto asiyetafuna vizuri, na mtu anayesumbuliwa na choo kigumu mradi anywe maji ya kutosha. Haumfai mgeni wa ute. Usimwanzishie mtu bamia kwa mlenda, utampoteza.

2. Bamia za kukaanga

*Namna ya kupika.* Bamia gramu 500, vitunguu maji viwili, thomu punje tatu, manjano nusu kijiko cha chai, bizari nyembamba kijiko kimoja cha chai, mafuta vijiko vinne vya chakula, ndimu nusu, chumvi.

Kazi kubwa iko kabla ya moto. Osha bamia zikiwa nzima, zifute kwa kitambaa moja moja, zitandaze kwenye sinia nusu saa mpaka hakuna unyevu hata kwenye mikunjo ya kichwa. Kisu kikavu, ubao mkavu. Kata vipande vya sentimita moja na nusu. Vidogo zaidi ya hapo vinafungua vyumba vingi vya mbegu na ute unaongezeka. Pasha kikaango kipana, tia vijiko vitatu vya mafuta, yakipata moto tandaza bamia safu moja na uziache. Uziache kweli, dakika tatu au nne, ziungue kidogo upande wa chini. Geuza, acha tena. Jumla ni dakika 12 hadi 15. Utaona nyuzi nyeupe za ute zinajitokeza, kisha zinakauka zenyewe. Zitoe. Kwa mafuta yaliyobaki kaanga vitunguu, thomu na viungo, rudisha bamia, chumvi, ndimu, dakika mbili, zima.

Wa Mombasa na Zanzibar wanazijua pia za kujazwa, ambapo bamia inapasuliwa kwa urefu bila kutenganishwa, inajazwa viungo vilivyosagwa na kukaangwa nzima. Kanuni ya ukavu ni ileile, ila zinataka moto wa wastani na subira.

*Ute.* Karibu hamna, kama hukuvunja masharti.

*Kinachofika mwilini.* Nyuzinyuzi zote ziko palepale. Kukauka kwa ute hakuziondoi. Mafuta yanasaidia mwili kupokea vitamini K na viini vya vitamini A. Lakini hesabu: kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kina kalori 120 hivi. Vijiko vinne vikigawanywa kwa watu wanne, kila mmoja anapata kalori 120 za mafuta juu ya kalori 40 tu za bamia. Anayepunguza uzito apangilie bamia kwenye sinia la oveni, kijiko kimoja na nusu cha mafuta kwa gramu 500, nyuzi joto 220, dakika 15 hadi 20, akigeuza mara moja. Zinakaribia sana zile za kikaango.

*Mahali pa kukosea.* Kikaango kidogo kilichojazwa hadi juu ndicho kinachoharibu bamia nyingi kuliko kosa jingine lolote. Zinatoa mvuke, mvuke unageuka maji, na maji yanaamsha ute. Afadhali upike mara mbili. Kifuniko hufanya hivyohivyo. Chumvi ikitangulia inavuta maji kutoka kwenye ganda, ndiyo sababu imewekwa mwisho. Kukoroga kila sekunde kunazivunja. Na ukitumia kikaango cha chuma kitupu, zinaweza kugeuka nyeusi kwa sababu ya chuma kukutana na tanini za bamia, kemikali za asili zilizomo kwenye mimea. Haidhuru, ila haipendezi mezani.

*Inamfaa nani.* Asiyevumilia ute, mtoto anayechagua chakula, anayekula kwa chapati au wali na dengu, na anayefunga chakula cha mchana cha kazini, kwani zinakaa vizuri zikiwa baridi. Haimfai mwenye dakika kumi.

3. Mchuzi wa bamia

Hapa mapishi ni mengi kama pwani ilivyo ndefu, na Oman na nchi za Ghuba nako bamia ni za mchuzi: nyama ya kondoo au mbuzi, nyanya, na ndimu kavu. Tuchukue njia mbili, ya nyanya na ya nazi.

*Namna ya kupika.* Ya nyanya: nyama ya ng'ombe nusu kilo ichemke hadi ilainike kabisa, kwani bamia haitaisubiri. Kaanga vitunguu viwili, thomu na tangawizi, tia nyanya nne, zipondeke na kukauka mpaka mafuta yajitenge, kisha rudisha nyama na supu yake vikombe viwili. Bamia gramu 300 zinaingia dakika 12 hadi 15 za mwisho, zikiwa nzima. Namna ya kuzichonga ndiyo siri: chonga kichwa kwa umbo la pia, kama unachonga ncha ya penseli, bila kutoboa hadi kwenye mbegu. Chumba kisipofunguka, ute unabaki ndani.

Ya nazi: tui jepesi, nyanya mbili, kitunguu, manjano, pilipili nzima, ukwaju kijiko kimoja cha chakula cha maji yake mazito au vipande vya embe bichi. Bamia ziive humo dakika kumi. Weka samaki aliyekwisha kukaangwa, kisha tui zito, moto mdogo, koroga polepole mpaka lianze kutokota tu, zima.

*Ute.* Wa kati. Unakuwa uzito wa mchuzi badala ya utelezi, na uchachu ndio unaouzuia usipite kiasi. Ukizikata vipande, mchuzi utakuwa mzito zaidi. Wengine wanapenda hivyo kwa wali.

*Kinachofika mwilini.* Kama mlenda, maji yote yanaliwa. Nyama au samaki vinaongeza protini na madini ya chuma, na vitamini C ya nyanya na ndimu inasaidia mwili kupokea chuma kilicho kwenye mboga. Nazi inaleta mafuta mengi ya aina inayoganda, kwa hiyo mwenye kolesteroli ya juu achague mchuzi wa nyanya mara nyingi zaidi kuliko wa nazi. Lakini bamia zenyewe katika sahani ya mchuzi huwa tatu au nne. Anayetafuta nyuzinyuzi ajue kwamba wali mweupe na mchuzi haviwezi kumpa kile anachopata kwenye bakuli la mlenda, mpaka aongeze bamia ziwe nusu ya mchuzi.

*Mahali pa kukosea.* Bamia kutiwa mapema pamoja na nyama mbichi, zikasambaratika. Mwiko kuzunguka sufuriani bila huruma; shika masikio ya sufuria uitikise. Tui zito kuchemka kwa nguvu likakatika. Na ukwaju mwingi baada ya tui zito, nao unalikata vilevile: uchachu utangulie.

*Inamfaa nani.* Familia yenye wapenda ute na wasioupenda, wageni, na aliye Ulaya, Marekani au Ghuba anayepata bamia ndogo zilizogandishwa kwenye mifuko. Hizo zitie kwenye mchuzi zikiwa bado barafu, bila kuziyeyusha kwanza. Kuzikaanga ni kupoteza muda, maji yake hayaishi.

4. Maji ya bamia

*Namna ya kutengeneza.* Bamia nne au tano zilizooshwa vizuri, zikatwe ncha zote mbili na kupasuliwa, zilowekwe kwenye glasi moja ya maji salama ya kunywa, mililita 250, zifunikwe, zikae ndani ya friji saa 8 hadi 12. Chuja, kunywa siku hiyohiyo.

*Ute.* Mwembamba, unateleza kooni. Ladha ni ndogo, kama majani mabichi. Tone la ndimu linaulegeza.

*Kinachofika mwilini.* Sehemu ya ute, na kiasi cha vitu vinavyoyeyuka kwenye maji. Basi. Nyuzinyuzi ngumu, protini ya mbegu na vitamini K, ambayo haiyeyuki kwenye maji, vinabaki kwenye ganda ambalo wengi hulitupa. Usilitupe. Likate ulitie kwenye mboga ya mchana.

Tuseme wazi kuhusu madai mawili. La magoti: ute wa bamia na ute wa kwenye maungio vinafanana kwa kuteleza tu. Ule wa bamia haupenyi utumbo ukasafiri hadi gotini; bakteria wa utumbo mpana wanaumeng'enya. Mwenye goti linalosagika anahitaji vipimo na mazoezi ya misuli ya paja, na kumcheleweshea matibabu kwa glasi ya bamia ni kumuumiza. La sukari: lina msingi zaidi. Tafiti ndogo kwa watu zimeonyesha bamia inaweza kushusha sukari ya damu kwa kiasi, ila nyingi zilitumia unga au kidonge cha bamia chenye kipimo maalumu, si glasi ya nyumbani. Pia, kwa panya, maji ya bamia yaliyotolewa pamoja na metformin, dawa ya kisukari, yalipunguza kiasi cha dawa kilichoingia mwilini. Hilo halijathibitishwa kwa binadamu, lakini linatosha kumfanya mgonjwa atenganishe vitu hivyo na amweleze daktari wake.

*Mahali pa kukosea.* Kuloweka mezani usiku kucha kwenye joto la Dar es Salaam, ambapo kinachoota si ute peke yake. Kutumia maji ya bomba yasiyochemshwa. Kulimbikiza mtungi wa siku tatu. Na kubwa zaidi, kuacha vidonge.

*Inamfaa nani.* Asiyependa kabisa kula bamia lakini anavumilia kuinywa, na anayetaka kitu chepesi asubuhi badala ya soda au chai yenye sukari nyingi. Kwa lengo hilo dogo, linafaa.

Wanaopaswa kutahadhari, kwa pishi lolote

Bamia ina oksaleti, kemikali ya asili inayoweza kuungana na kalsiamu ikawa mawe ya figo. Aliyewahi kutoa mawe ya figo ya kalsiamu oksaleti asiifanye mlo wa kila siku. Anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, ale kiasi kisichobadilikabadilika kwa wiki, kwa ajili ya vitamini K. Mwenye tumbo linalojaa gesi haraka aanze na vidole vitatu au vinne. Bamia ina sukari za aina ya fruktani zinazochachuka utumboni. Mjamzito anafaidi folati, lakini gramu 100 zilizopikwa zina maikrogramu 46 tu, hivyo vidonge vya kliniki viendelee.

Uchague kwa hali yako

Kama una kisukari na mlo wako mkuu ni ugali, mlenda usio na magadi, ukiambatana na tonge dogo kuliko la kawaida, utakusaidia zaidi ya glasi ya maji ya bamia ikifuatiwa na sahani ileile ya kila siku. Kama una presha, bamia za kukaanga zilizokolezwa ndimu na pilipili zinakuruhusu kupunguza chumvi bila kuona pengo.

Unampikia mtu aliyeapa hali bamia? Za kukaanga, tena zilizokauka sana. Akizoea, mpeleke kwenye mchuzi wa nyanya. Mlenda uje mwisho, na usiposhika usimlazimishe.

Una dakika 15 na jiko moja la mkaa: mlenda. Una saa moja na nusu na wageni: mchuzi, nyama ikiwa jikoni mapema. Unapunguza uzito: za oveni, au mlenda usio na karanga. Unataka mtoto wa miaka miwili ale mboga: mchuzi wa nyanya usio na pilipili, bamia zimepondwa ndani ya wali.

Na kama ulichonacho ni bamia zilizokwisha kuwa ngumu, hakuna hata moja kati ya mapishi haya manne litakalozifaa. Zipasue, toa mbegu ambazo bado ni nyeupe na laini, uzipike kama njegere ndani ya mchuzi wowote kwa dakika 20. Mbegu zikiwa zimeshageuka kijivu na kukauka, ziweke mahali pakavu hadi mvua zianze, uzipande.